Mbao ngumu kwa sitaha za nje

Sitaha ya nje ni sakafu ya mbao iliyojengwa wazi, bila paa, mbele ya nyumba, kando ya bwawa la kuogelea, au juu ya maji kwenye hoteli na magati ya pwani. Ubao wake hulala bapa, na hapo ndipo penye ugumu. Milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mingi ikiwa ya msaji na mkongo, imekaa kwenye mvua na jua zaidi ya miaka 100, kwa kuwa maji huteremka juu yake na kwenda zake. Kwenye sitaha maji hutuama, huingia kwenye nyufa na kujificha pale ubao unapoikalia boriti, kisha jua la mchana huchoma upande wa juu wakati upande wa chini bado ni mbichi. Ndiyo maana mbao iliyotulia ndani ya nyumba kwa miongo mingi yaweza kuoza nje katika misimu michache ya masika.

Kinachoozesha mbao ni kuvu. Kuvu haioti kwenye mbao kavu. Huanza kazi unyevu wa mbao unapopita takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu na kubaki hapo kwa muda. Mchwa huja kutoka ardhini, kwa hiyo nguzo ndizo zinazoliwa kwanza. Nguzo zilizosimama baharini zina adui mwingine, Teredo, jamaa wa chaza mwenye umbo la mnyoo, anayeingia kwa tundu dogo na kuutafuna mti kwa ndani mpaka ukabaki ganda. Jua nalo huvunja lignini, kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na kuugeuza uso wa ubao kuwa wa kijivu. Ukijivu huo si kuoza na haupunguzi nguvu ya ubao.

Uimara wa mbao dhidi ya maadui hao umo kwenye kiini, yaani sehemu ya katikati ya shina ambayo haipitishi tena maji. Mti unapozeesha sehemu hiyo huijaza utomvu, mafuta na tanini, na hizo ndizo sumu zinazowakimbiza kuvu na mchwa. Sehemu nyeupe inayozunguka kiini haina kinga hiyo. Kiwango cha Ulaya cha EN 350 kinazipanga mbao katika madaraja matano ya kudumu, la kwanza likiwa la mbao zinazodumu kuliko zote. Kiini cha mkongo kimo daraja la 1 na cha mvule kati ya la 1 na la 2, lakini weupe wa mti wowote, uwe mvule au msonobari, huwekwa daraja la 5. Mnunuzi anayeuliza jina la mti tu, bila kutazama rangi ya kila ubao, anaweza kulipa bei ya mvule na kuondoka na kitu kisichodumu kuliko msonobari. Ubao wenye ukingo mweupe utupwe nje ya sitaha, hata kama weupe wenyewe ni wa upana wa kidole.

Kati ya miti ya Afrika Mashariki, mvule (Milicia excelsa) ndio uliozoeleka zaidi kwa kazi za nje. Uzito wake ni takriban kilo 650 kwa mita ya ujazo ukiwa mkavu, mbao zake hazijikunji sana, na seremala huziranda bila taabu kubwa. Taabu hutokea msumeno unapogonga mawe ya chokaa ambayo mti huu huyajenga ndani ya shina lake. Meno ya msumeno huvunjika papo hapo. Vumbi lake huwasha ngozi na kukereketa koo, hivyo fundi anahitaji kufunika pua na mdomo. Upungufu mkubwa wa mvule uko shambani: miche yake hushambuliwa na mdudu Phytolyma, anayesababisha nundu zinazooza na kuua vichipukizi, kwa hiyo mashamba ya mvule ni haba, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka kwenye miti ya asili.

Msaji, ambao Tanzania huitwa zaidi mtiki (Tectona grandis), ulitoka Asia ya Kusini na uliletwa Tanganyika enzi za Wajerumani. Sasa unavunwa kwenye mashamba kama Longuza mkoani Tanga, Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero. Una mafuta mengi, hunywea kidogo sana, na hustahimili maji ya chumvi. Hayo ndiyo yaliyoufanya utafutwe na waunda majahazi kuanzia Malabar hadi Lamu. Sifa hiyo, hata hivyo, ilijengwa na miti mikongwe ya misituni. Mtiki wa shambani, unaokatwa ukiwa na miaka 20 au 30, una kiini chembamba na mafuta machache, na EN 350 inaupa nafasi kati ya daraja la 1 na la 3 kutegemea umri na mahali ulipoota. Pamoja na hayo, kiini cha mtiki wa shamba uliokomaa ndicho chaguo bora kwa sitaha nyingi za Tanzania na Kenya: hudumu vya kutosha, hakipindi, na mti mwingine hupandwa pale ulipokatwa wa kwanza.

Mkongo (Afzelia quanzensis), unaojulikana pwani ya Kenya kama mbambakofi, ni mzito zaidi, takriban kilo 800 kwa mita ya ujazo, na kwa kudumu hauna mpinzani miongoni mwa mbao za kwetu. Hukua polepole, na miti minene imebaki michache. Mninga (Pterocarpus angolensis) nao hudumu na hautikisiki kwa mabadiliko ya hewa, lakini kuukanyagisha kwa viatu vyenye mchanga ni kuupoteza. Thamani yake iko kwenye vitanda, meza na milango.

Mbao za kigeni huagizwa kwa miradi mikubwa. Ipe ya Amerika ya Kusini, yenye zaidi ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, ilitandikwa kwenye njia ya ufukweni ya Coney Island, New York, na mwaka 2008 meya wa jiji hilo alitangaza mpango wa kupunguza matumizi ya mbao za kitropiki kwa ajili ya kulinda misitu. Azobe ya Kameruni na Gaboni hutumiwa sana Uholanzi kwenye kingo za mifereji na madaraja.

Kwa asiyemudu mbao ngumu ipo misonobari ya mashamba kama Sao Hill, Mufindi, iliyosukumiwa dawa kwa shinikizo. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromi na aseniki. Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa 2003 kwa sababu ya aseniki, na vipande vya mbao zenye dawa hiyo havifai kabisa kuwa kuni za kupikia.

Ubao mzuri ukifungwa vibaya hauna faida. Mti hunywea kwa upana kuzunguka shina karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda gome, na tofauti hiyo ndiyo inayoupinda ubao. Mbao zilizopasuliwa kwa robo, yaani uso wa ubao ukifuata mstari wa kiini kwenda gome, hutulia zaidi. Unyevu wake zinapofungwa uwe karibu na ule utakaozikuta mahali hapo, kiasi cha asilimia 15 hadi 18 pwani. Unene wa milimita 20 hadi 25 unatosha iwapo boriti zimepangwa kwa umbali wa sentimita 40 hadi 45. Nafasi ya milimita 5 hadi 8 iachwe kati ya ubao na ubao ili maji yapite, na chini ya sitaha upepo uvume bila kizuizi. Nguzo zisimame juu ya zege au vikalio vya chuma, si kwenye udongo.

Skrubu ziwe za chuma cha pua, na karibu na bahari ziwe za daraja la 316, linalostahimili chumvi. Msumari wa kawaida hukutana na tanini na kuacha madoa meusi yasiyotoka, kisha huliwa na kutu na kuozesha tundu lake. Mbao ngumu hupasuka zikigongwa, hivyo kila skrubu itobolewe kwanza kwa kekee. Baada ya hapo matunzo ni mepesi: kufagia majani, kusugua ukungu kwa brashi na maji ya sabuni, na kupaka mafuta mara moja kwa mwaka kwa anayetaka rangi ibaki. Vanishi haifai, kwani hubabuka na kufungia maji ndani.

Uhalali wa mbao ni sehemu ya ubora wake. Mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilio hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022 uliweka miti ya Afrika ya jamii za Afzelia na Pterocarpus kwenye Kiambatisho cha II, na hivyo mkongo na mninga havivuki mpaka bila kibali. Kwa ipe masharti hayo yalianza kutumika Novemba 2024. Ndani ya Tanzania, mbao halali hugongwa nyundo ya serikali na kusafiri na hati ya usafirishaji. Uvunaji halali wa miti ya asili unawezekana: mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na mapato ya magogo huingia kwenye mifuko ya vijiji vyenyewe. Mkongo usio na hati, hata ukiuzwa nusu bei, usinunuliwe.