Gari la Moshi Lisilo na Moshi: Reli ya Mwanza na Nchi ya Dhahabu

Rwamgasa ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Mkoa wa Geita. Mtu wa huko akitaka kusafiri kwa gari la moshi hana budi kuchagua moja katika mawili: ama aende kaskazini mashariki, apite Geita na Sengerema, avuke Ghuba ya Mwanza pale Busisi, ndipo aifikie stesheni ya Mwanza, ama ateremke kusini kwa njia ya Kahama mpaka Isaka. Popote aelekeapo, reli i mbali naye. Siku hizi inajengwa reli mpya ya umeme ya kuunganisha Mwanza na Dodoma na Dar es Salaam, na habari zake zimeenea hata machimboni. Huko watu huuliza swali ambalo sisi wasomi hatujalipa haki yake: je, reli hiyo yatuhusu nini sisi? Insha hii yajaribu kulijibu kwa njia ya historia, maana reli mpya inafuata nyayo za reli ya kale, na reli ya kale nayo ilikanyaga juu ya nyayo za watu.

Watu hao walikuwa wapagazi. Katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma walishuka pwani kwa misafara mikubwa, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi kichwani au begani. Walipeleka pembe za ndovu Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Safari ya kutoka Tabora hadi pwani ilihesabiwa kwa miezi, wala si kwa siku. Hata hivyo, tusiwadhanie kuwa watumwa wa njia ile. Wengi walikuwa mafundi wa kazi yao, wenye mapatano ya ujira, tena wenye kujua visima, wakati wa mvua na tabia za watemi njiani. Waliochora ramani za reli baadaye walikuta barabara imekwisha kuchaguliwa na miguu ya wenyeji.

Reli ya kwanza kuigusa biashara ya Mwanza haikuwa katika nchi hii. Waingereza walianza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Tangu hapo ngozi, karanga na pamba za kusini mwa ziwa zilipakiwa melini Mwanza, zikavushwa hadi Kisumu, kisha zikateremshwa Mombasa kwa gari la moshi. Ndiyo kusema kwamba bandari ya koloni la Wajerumani ikawa inailisha reli ya Waingereza. Mashauri ya kujenga reli ya kati yalikuwa yamezungumzwa tangu miaka ya 1890, lakini Berlin ilikuwa ikisita kutoa fedha. Idhini ilipopatikana mwaka 1904, kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kwa hiyo ililielekea Ziwa Tanganyika, na Mwanza ikabaki nje. Tawi la kwenda Rwanda lilikuwa limeanzwa kutoka Tabora vita vilipozuka, likakatika.

Walioileta reli Mwanza ni Waingereza, mwaka 1928, kwa tawi lililotoka Tabora likapita Shinyanga. Sababu yake kubwa ilikuwa pamba. Usukuma ilikuwa nchi ya wakulima wengi, na robota la pamba ni zito, halibebwi na mpagazi. Faida iliyokuja baadaye haikuwa imeandikwa yote katika mashauri ya wenye reli. Wakulima walipokwisha kuona kwamba pamba yao inafika bandarini kwa urahisi ilhali wao wanapunjwa kwenye mizani, walijiunga. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilianzishwa mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, nalo likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Reli haikuuzaa ushirika huo. Waliouzaa ni wakulima. Walakini bila reli nguvu yao isingalifika mbali.

Sasa tutazame upande wa pili wa ghuba. Geita ilijulikana kuwa na dhahabu tangu zama za Wajerumani, na mgodi wake ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Mbona basi reli haikuvutwa huko? Jibu liko katika mizani. Dhahabu ni mali nyingi yenye uzito mdogo. Mavuno ya mgodi mkubwa kwa siku nyingi huingia katika ndege ndogo. Linganisha na Mpanda. Huko palikuwa na risasi, madini mazito yenye bei ndogo, na kwa ajili yake tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. Mgodi ule ulikufa, reli ikabaki, na hata leo inawafaa watu wa Katavi. Linganisha tena na Nachingwea, ambako reli ilijengwa kwa haraka kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga hazikustawi, na mapema katika miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Katika mifano yote hii waliopanga waliuliza swali moja tu: ni mzigo gani utakaotoka? Mzigo unaoingia hawakuuuliza, wala mtu.

Na hapo ndipo Rwamgasa ilipopotea katika hesabu. Dhahabu itokayo ni nyepesi, lakini vinavyoingia ni vizito: saruji, vyuma, mafuta ya mashine, magogo ya kuegemeza maduara, karasha za kusagia mawe, mchele na unga wa kulisha maelfu ya watu wasiolima. Vyote huja kwa malori, na gharama ya njia huongezwa juu ya bei ya kila kibaba. Mchimbaji anauza dhahabu kwa bei inayofuata soko la dunia, akanunua chakula kwa bei ya barabara.

Nami niliijua njia hiyo nikiwa kijana niendaye masomoni. Tulivuka Busisi kwa kivuko, tukalala Mwanza, kisha gari la moshi likatuchukua karibu siku mbili hadi pwani. Tulijifunza jiografia ya nchi kupitia dirishani: mawe ya Usukuma, miombo ya Tabora, ukame wa Ugogo, hata mabonde ya Kilosa, ambako mafuriko yameikata reli mara nyingi. Sitaki kuusifu ukawiaji, maana mgonjwa na mfanyabiashara wa samaki hawana siku mbili za kutazama miombo.

Reli mpya ni jambo la namna nyingine. Jiwe la msingi la sehemu ya kwanza, Dar es Salaam hadi Morogoro, liliwekwa mwezi Aprili 2017. Abiria walianza kusafiri hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Sehemu ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilometa 341, iliwekewa jiwe la msingi mwezi Juni 2021, na ningali naandika haya ujenzi unaendelea. Upana wa njia ni milimita 1,435, badala ya meta moja ya reli ya kale, na mwendo uliokusudiwa ni kilometa 160 kwa saa. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 1,219. Kwa hesabu tupu ya kugawa, bila kusimama, ni saa nane kasoro.

Lugha yetu iliupokea mtambo wa kwanza kwa jina la kile kilichoonekana kabla ya chenyewe, yaani moshi. Leo moshi haupo, na watu wamekwisha kuipa treni mpya jina la Mchongoko kwa sababu ya pua yake. Lakini umeme wa relini si mgeni kwa Waswahili wote. Huko Katanga, kati ya Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Tenke, treni za umeme zilikuwa zikienda tangu miaka ya 1950. Zilivuta shaba. Watu waliosema Kiswahili kando ya njia ile waliona nyaya zikipita juu ya nyumba zao zenye giza. Mfano huo watufunza kwamba upya wa mtambo haubadili peke yake kusudi la njia.

Basi tulijibu swali la Rwamgasa. Reli haitapita kwao, wala si haki kuwaahidi stesheni. Lakini daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa mwezi Juni 2025, na ghuba iliyowatenga na Mwanza kwa karne nzima sasa huvukwa kwa dakika chache. Kilichobaki ni vitu vidogo visivyozinduliwa kwa ngoma: barabara ya kutoka machimboni, iwe ya Sengerema au ya Kahama, ipitike masika na kiangazi, ghala na uwanja wa kupakulia mizigo pale Mwanza na Isaka, ili mwenye magunia ishirini naye apokewe kama mwenye mabehewa ishirini, na nauli isiyomshinda mtu wa kawaida.

Yuko atakayesema kwamba mambo hayo si kazi ya wahandisi wa reli. Ni kweli, na ndiyo sababu yalisahauliwa mwaka 1928. Wakati huo wenyeji hawakuulizwa, maana nchi haikuwa yao. Leo udhuru huo haupo. Wenye kupanga sasa ni watoto wa wapagazi wale, nao wanaweza kuuliza mzigo unaoingia na mtu anayesafiri, kabla ya nyaya za umeme kufungwa na njia kuwa imekwisha kuamuliwa kwa miaka mia nyingine.