Usiku wa Fataki Kivukoni

Jina la Kivukoni halihitaji mfasiri. Ni mahali pa kuvukia. Mgeni akifika leo huona ofisi za serikali, mahoteli, soko la samaki la Feri na magari yaliyojipanga kungoja pantoni, akadhani kwamba mji ulikuwapo kwanza na kivuko kikafuata. Jina lenyewe linatuambia kinyume chake. Ukisimama pale ukingoni, Kigamboni iko mbele yako, karibu kiasi cha kuhesabu magari yanayoshuka ng'ambo, na katikati upo mlango mwembamba wa bahari ambao kila meli iingiayo bandari ya Dar es Salaam haina budi kuupita. Katika mlango huo mmoja hukutana meli kubwa za mizigo, boti za Unguja, pantoni, ngalawa za wavuvi na mitumbwi ya kila namna. Hata baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa Aprili 2016 upande wa Kurasini, wavukaji wa hapa hawakwisha.

Tulipokuwa vijana, mkesha wa mwaka mpya mjini ulijulikana kwa honi za meli. Ikifika saa sita usiku, meli zilizokuwa bandarini ziliunguruma pamoja, nasi tuliokuwa Kariakoo tukajua kwamba mwaka umegeuka. Siku hizi honi zimepata mshindani, yaani fataki, ambazo watoto huziita fashifashi. Mbingu hupasuka kwa rangi nyekundu, kijani na dhahabu, na wakazi wengi wa jiji huelekea ufukweni kutazama. Na kwa kuwa pazuri pa kutazamia taa ni pale penye giza na nafasi, wapo wanaoona kwamba kiti bora kuliko vyote ni ndani ya chombo, katikati ya maji.

Mtu aliye nchi kavu amekwisha kuelezwa vya kutosha juu ya hatari za fataki. Nimekusudia kuusema usiku huo kwa upande wa yule aliye majini. Hoja yangu ni moja, nami nitaithibitisha kwa historia: moto wa fataki ni hatari ya kweli, lakini majini si huo unaoua watu wengi. Kinachoua ni chombo kilichojaa kupita kiasi, ambamo kila mtu, pamoja na nahodha, anatazama juu.

Baruti si ngeni juu ya maji haya. Tarehe 28 Novemba 1914 manowari za Kiingereza, Fox na Goliath, ziliupiga mji huu kwa mizinga kutoka baharini, na jumba la gavana wa Kijerumani likabomolewa. Juu ya magofu yake Waingereza walijenga jumba ambalo leo ni Ikulu, hatua chache tu kutoka kivukoni. Hata katika miaka ya amani tumepata sababu ya kushtuka. Mabomu ya Mbagala ya Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto ya Februari 2011 yaliwafundisha wakazi wa jiji kwamba mshindo wa usiku si wa kuchekelea kabla hujajua unatoka wapi. Kwa hiyo tunajua kuogopa mshindo. Tusichojua ni kuogopa furaha, ilhali historia ya vyombo vya majini inaonyesha kwamba furaha imezamisha wengi.

Tuanze mbali, kisha turudi nyumbani. Tarehe 13 Februari 1938, katika bandari ya Sydney kule Australia, watu walipanda kivuko kidogo kiitwacho Rodney ili kuiaga manowari ya Marekani iliyokuwa ikiondoka. Hapakuwa na dhoruba, wala chombo hakikugongwa. Abiria wengi walikuwa sitaha ya juu, na manowari ilipokaribia wote wakakimbilia upande mmoja wapate kupunga mikono. Kivuko kikapinduka mchana kweupe, watu 19 wakafa. Walichofuata ni kitu cha kutazama tu.

Mkasa wa pili unahusu fataki zenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2012, siku ya taifa la China, boti iitwayo Lamma IV ilikuwa ikiwapeleka wafanyakazi wa shirika la umeme la Hong Kong, pamoja na familia zao, kutazama fataki bandarini. Njiani, karibu na kisiwa cha Lamma, iligongana gizani na boti nyingine ya abiria. Ilianza kuzama kwa upande wa tezi kwa dakika chache tu. Waliokufa ni 39, wanane kati yao watoto. Uchunguzi uliofuata ulikuta kwamba mlango mmoja wa kuzuia maji yasipite kutoka chumba kimoja hadi kingine haukuwapo kabisa, na kwamba jaketi za kuokolea maisha za watoto hazikuwamo. Ona basi: fataki hata hazijawashwa, watu wamekwisha kufa kwa ajili yake.

Mwaka huohuo, tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, mashua ya starehe ilipinduka karibu na New York ikirudi kutoka kutazama fataki. Ilikuwa na urefu wa kama mita kumi tu, nayo ilibeba watu 27. Watoto watatu waliokuwa ndani ya chumba cha chini hawakutoka. Mkasa wa Hong Kong ulitokea wakati wa kwenda, huu wakati wa kurudi. Katika yote mitatu, hakuna aliyeunguzwa na cheche hata moja.

Nyumbani kwetu sijui mkasa uliotokana na fataki, nami sitabuni. Lakini mizizi yake ipo, nayo ni siku ambayo watu wote wanataka kusafiri kwa mara moja. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi. Tume ilikuja kueleza kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, idadi isiyolingana kabisa na uwezo wa chombo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara, siku ya gulio la Bugolora, na watu 228 wakapoteza maisha. Kilitengenezwa kubeba abiria 101. Ufuo ulionekana kwa macho. Sikukuu, gulio na fataki ni ndugu watatu: wote hukusanya watu kwenye gati moja, saa moja, wakiwa na haraka moja.

Niliwahi kuyasema haya kwa kijana mmoja mwenye boti pale Feri, ambaye huvua siku za kawaida na kubeba watu siku za sikukuu.

"Shikamoo, mwalimu," alinianza.

"Marahaba, nahodha. Mkesha huu utabeba wangapi?"

Akacheka. "Mwalimu, mkesha ndiyo siku ya riziki. Usiku ule mmoja unanipa cha wiki nzima. Nikimkatalia mtu, anapanda boti ya jirani."

Sikuona upumbavu katika jibu lake, na msomaji naye asiuone. Kijana yule ana watoto. Akipakia kumi badala ya ishirini, jirani anapakia thelathini, na yeye anabaki na uadilifu wake pamoja na sufuria tupu. Kumhubiria mtu mmoja hakutoshi. Kanuni ya kuhesabu abiria lazima iwabane wote usiku huohuo, na iwekwe na mwenye mamlaka pale gatini, ili mwaminifu asiwe ndiye anayepata hasara. Tangu mwaka 2018 Shirika la Uwakala wa Meli, yaani TASAC, ndilo lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, na Polisi Wanamaji wapo. Kazi yao usiku wa mkesha ianze saa kumi na mbili jioni, watu wanapopanda. Ikingoja saa sita, imechelewa.

Sasa niseme kidogo kwa njia ya darasani, kwa kuwa mazoea ya miaka mingi hayaachi.

Jambo la kwanza ni umbali. Wataalamu wa fataki nchini Marekani wana kipimo chepesi: kwa kila inchi moja ya unene wa kombora la fataki, watazamaji wakae futi 70 mbali. Kombora la inchi sita basi linataka futi 420, yaani kama mita 130, kila upande. Fataki zikipigwa kutoka jahazini au kwenye tishari, mduara huo wote ni maji, nao uwekewe maboya na boti za walinzi. Ndani yake asiingie mtu, hata mvuvi aliyetega nyavu zake, ambaye kwa haki apewe habari siku kadhaa kabla. Aidha, yasiyolipuka huanguka majini yakiwa bado na baruti. Asubuhi yake mtoto asiyaokote.

Jambo la pili ni upepo. Mwaka mpya hutukuta katika Kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, hivyo moshi, majivu na vipande vyenye moto husukumwa upande wa kusini magharibi. Mwenye chombo akae upande unakotoka upepo. Mabaharia wetu wa jahazi walilijua neno joshi kabla ya fataki kufika ufukweni kwetu, na hapa linafaa vilevile.

Jambo la tatu ni macho. Jicho la mwanadamu huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na mmweko mmoja mkali huufuta uzoefu huo mara moja. Nahodha aliyetazama fataki kwa dakika kumi, kisha akashika usukani kurudi gati, ni kama kipofu wa muda, na mbele yake ipo mitumbwi isiyo na taa. Kwa hiyo chombo chochote cha watazamaji kiwe na mtu mmoja aliyekatazwa kutazama juu. Namwita mwenye zamu ya giza. Ni zamu ya uchungu, lakini ndiyo itakayowarudisha wengine nyumbani.

Jambo la nne ni mizani ya chombo. Fataki zikianza upande wa kulia, watu husimama na kwenda kulia. Chombo kidogo hakihitaji wimbi kupinduka. Kinahitaji watu kumi wenye shauku. Kila mtu akae chini, avae jaketi kabla ya kung'oa nanga, na watoto wapewe za kiasi chao, wala wasifungiwe ndani. Nahodha akigeuza omo ielekee fataki, wa kushoto na wa kulia wataona sawasawa, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kuhama.

Jambo la tano ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka bandarini hupita kwa nguvu katika mlango ule mwembamba. Boti iliyozima injini ili watu wasikie vizuri huchukuliwa polepole, mpaka ikajikuta katika njia ya meli. Na meli kubwa haiwezi kusimama ghafla, hata nahodha wake akiwa na huruma ya namna gani.

Limebaki moja, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mabaharia duniani kote wana lugha ya moto. Fataki nyekundu inayopaa na kushuka taratibu kwa mwavuli, au mwenge mwekundu unaoshikwa mkononi, maana yake ni moja: tunaangamia, tuokoeni. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, Titanic ilipokuwa ikizama, ilirusha fataki angani. Maofisa wa meli iitwayo Californian, iliyokuwa imesimama kwenye barafu si mbali sana, waliziona. Walijadiliana maana yake, wala meli yao haikuondoka mpaka kulipopambazuka. Zaidi ya watu 1,500 walikufa. Haya yalitokea usiku usio na sherehe yoyote. Jiulize, msomaji, itakuwaje usiku ambao mbingu yote ya Dar es Salaam ni nyekundu, na mvuvi mmoja nje ya Magogoni anawasha mwenge wake wa mwisho? Atashangiliwa.

Kwa sababu hiyo fataki za baharini ziwe na saa ya kuanza na saa ya kwisha, zitangazwe redioni na misikitini na makanisani, na saa hiyo ikipita, kila moto mwekundu uchukuliwe kuwa ni kilio. Hata ndani ya saa hiyo, moto unaopaa peke yake kutoka mahali pasipopangwa uulizwe. Kuuliza hakugharimu kitu.

Msomaji asidhani kwamba mzee huyu anawanyima vijana furaha yao. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nami ninao wajukuu wanaopenda fashifashi kuliko pilau. Mkesha ukifika hutazama nao, lakini tukiwa tumesimama nchi kavu, penye ukuta wa kuegemea. Wakubwa wao wamekwisha kuanza kuniuliza kwa nini tusipande boti kama wenzao. Huwajibu kwamba tutapanda mwaka tutakaomwona mtu amesimama gatini na orodha mkononi, anahesabu vichwa, na anaporidhika kwamba idadi imetimia anasema basi, na neno lake linasikilizwa.