Moto Badala ya Sumu: Matumbo ya Vyombo na Maji ya Shinyanga na Geita

Tangu mwaka 2009, maji ya bomba ya Kahama na Shinyanga huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, kutoka Ziwa Victoria. Migodi ya Geita na Bulyanhulu nayo hutegemea ziwa hilohilo. Kwa hiyo, chochote kinachopakwa kwenye tumbo la kivuko, boti ya doria au mtumbwi wa wavuvi hakiishii kwa wenye chombo tu. Hoja yangu ni kwamba katika ziwa hili viumbe vinavyojishikiza kwenye vyombo vidhibitiwe kwanza kwa joto, na rangi zenye sumu ziwe njia ya mwisho.

Rangi hizo hufanya kazi kwa kuachia sumu majini polepole, na nyingi hutumia shaba. Zile zilizotengenezwa kwa misombo ya bati, ambazo ziliwahi kusifiwa mno, zilipigwa marufuku kwa mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, baada ya kubainika kwamba zinadhuru konokono na chaza. Tusisubiri ushahidi wa namna hiyo upatikane kwenye maji tunayoyanywa.

Kwa watu wa pwani, dawa ya joto si ngeni. Maji ya bamvua yanapokupwa na kuacha jahazi mchangani, mabaharia hukwangua tumbo lake, hulipitishia moto wa makuti makavu, kisha hulipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kukwangua peke yake hakutoshi. Mnyoo wa baharini atoboaye mbao huingia akiwa mdogo sana kupitia tundu lisiloonekana, na hukua humo ndani, ambako kisu hakifiki lakini joto hupenya.

Joto limethibitika pia kwenye chuma. Mwaka 2000, meli ya uvuvi Seafresh 1 ilizama kwenye Visiwa vya Chatham, New Zealand, ikiwa na mwani mgeni aina ya Undaria. Wapiga mbizi waliyafunika maeneo ya tumbo lake kwa masanduku ya mbao yenye vipasha joto vya umeme, wakalipandisha joto la maji yaliyomo hadi nyuzi 70 kwa dakika 10. Mwani huo ulitokomezwa bila kumwaga tone la kemikali.

Ni kweli kwamba mnyoo atoboaye mbao hawezi kuishi katika maji baridi ya ziwa, na utando unaojengeka huku ni mwepesi kuliko wa baharini. Hata hivyo, utando huongeza msuguano na kula mafuta ya injini. Hatari kubwa zaidi ni mgeni anayekuja amejishikiza kwenye boti au pampu iliyowahi kutumika kwingine. Kome wa pundamilia walionekana katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1988. Mwishoni mwa 1989 walijazana katika bomba la mji wa Monroe, Michigan, hata wakazi wakakosa maji. Ziwa Victoria lenyewe limekwisha kuteswa na gugu maji, lililoletwa na mto Kagera. Mgeni akishazaana ziwani, hakuna moto wa kumfukuza. Cha kupashwa joto ni chombo, kabla hakijaingia majini.

Gharama haitishi. Kupandisha lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji takriban megajuli 147, sawa na nishati ya lita 4 za dizeli kabla ya hasara za mtambo. Kazi ifanyike nchi kavu, kwenye cherezo la Mwanza na kwenye mialo, kwa sababu ukipasha chuma kikiwa majini bila kukifunika, ziwa litameza joto lote. Pua ya bomba la maji ya moto iende taratibu, ili chuma chenyewe kipate joto. Takataka zikusanywe na kuzikwa mbali na ukingo. Vinginevyo mvua ya kwanza itazirudisha majini.

Tanzania ina Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ambalo tayari hukagua usalama wa vyombo. Ukaguzi huo huo uhoji kuhusu tumbo: chombo kimetoka wapi, kilisafishwa lini na kwa njia gani. Boti au mtambo wowote unaotoka bahari au ziwa jingine kwa lori uoshwe kwa maji ya moto kabla ya kushushwa ziwani Nungwe au Chato, mkoani Geita, hata kama wenyewe wana haraka ya kufika mgodini.