Kuthamini si Kudhamini

Katoro, mkoani Geita, ni mji wa dhahabu na biashara, kwa hiyo ni mji wa karatasi pia: mikopo, mauziano ya viwanja, makubaliano ya duara. Kazi yangu ya uandishi wa habari imenisomesha karatasi nyingi za namna hiyo, na sentensi moja hujirudia: "Namthamini ndugu huyu kwa deni lake." Aliyeandika alitaka kusema anamdhamini. Alichoandika ni kwamba anamheshimu tu, na deni limebaki halina wa kulibeba.

Vitenzi vyote viwili tumevipata kwa Kiarabu, ila si ndugu. Kuthamini kumetokana na *thaman*, yaani bei. Herufi zake ndizo zilizomo katika themanini na thumuni, ile senti hamsini ya wazee wetu. Kudhamini kuna herufi nyingine, dhadi, ile ile tunayoikuta katika Ramadhani, ardhi na dharura. Maana yake ni kubeba jukumu la mwingine, ndipo tukapata dhamana na mdhamini.

Sasa, vinachanganywaje? Kisukuma, kama lugha nyingi za bara, hakina sauti hizi. Dhahabu inakuwa "zahabu", na thamani inakuwa "samani", mpaka usijue unaulizwa bei au makochi! Shuleni nako Kiingereza huandika sauti zote mbili kwa *th* moja. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi 1930, kinazitenganisha: *th* na *dh*.

Tofauti hiyo ina pesa ndani yake. Mthamini, anayetajwa katika Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, ndiye anayekadiria fidia ya shamba lako mgodi unapolihitaji. Mdhamini ndiye anayegongewa mlango mkopaji akitoroka. Wa kwanza anataja bei, wa pili anailipa.

Ukitaka kumwambia mchumba au rafiki kwamba ana nafasi moyoni mwako, mwambie unamthamini. Ukimwambia unamdhamini, asije akakukumbusha siku ya marejesho. Na kabla hujatia dole gumba kwenye karatasi ya mtu, angalia vizuri bwana: ni *th* au ni *dh*? Heshima haina riba, dhamana inayo.