Stempu za Zanzibar: Kosa la Herufi Moja Lililogeuka Dili

Wadau, mnajua mwaka 1895 Zanzibar ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya "Zanzibar" juu yake? Wachapaji wakachapia, nyingine zikatoka "Zanzidar"! Leo kosa hilo ndo dili kwenye minada ya mtandaoni, na feki zake zimejaa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zikagongwa "JAMHURI" kwa mkono. Muhuri wa mkono nao ni rahisi kuigiza.

Kijana wa Jang'ombe anakesha na bando lake, sekunde za mwisho mtu wa Ulaya anampiku. Akishinda, gharama ya kuitumiwa inaweza kuzidi bei ya stempu yenyewe. Na bado hajui kama ni orijino.

Ziliondoka kwetu kwa senti chache, kuzirudisha ndo kasheshe. We ungenunua?