Lugha ya Ishara ya Kenya haikuletwa na mwalimu

"MWALIMU, kwani hii lugha ya ishara aliileta nani Kenya?" Aliyeniuliza hivyo majuzi ni mwanafunzi wa ualimu, kijana wa kwetu Sericho, Isiolo, ambaye anasikia vizuri na amejiandikisha kwa kozi ya Lugha ya Ishara ya Kenya chuoni. Swali zuri, ila kitenzi "kuleta" kina kasoro. Kinachukulia kwamba wanaosikia ndio waliowapa viziwi lugha.

Mwaka wa 1880, walimu wa viziwi, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba mtoto kiziwi afunzwe kutamka na kusoma midomo, ishara ziachwe. Uamuzi huo ulivuka bahari. Shule za viziwi zilipoanza kufunguliwa nchini mwishoni mwa ukoloni, zikiwemo za Nyangoma na Mumias mwaka wa 1961, darasani ilikuwa ni kutamka tu. Lakini nani angelinda mikono ya watoto bwenini usiku? Kila mmoja alikuja na ishara zake chache za nyumbani, za kuombea maji na chakula. Huko wakaigana, wakubwa wakawafunza wadogo, ishara zikaongezeka na kupata sarufi. Lugha ilikua mahali ambapo mwalimu hakuwapo.

Wasomi walichelewa kufika. Nchini Marekani, William Stokoe, mtu aliyesikia na aliyefundisha Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, alichapisha uchambuzi mwaka wa 1960 kuonyesha kwamba ishara zina muundo kama lugha yoyote. Kwetu, viziwi waliunda chama chao cha kitaifa miaka ya 1980, na mapema miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na mradi wa utafiti wa lugha hii, akiwemo mwanaisimu marehemu Profesa Okoth Okombo. Hapo mambo yaligeuka: mjuzi akawa kiziwi, profesa akawa ndiye anayefunzwa. Katiba ya 2010 iliitaja lugha hii katika Kifungu cha 7, na Kifungu cha 120 kikaiweka Bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Shuleni, mtahiniwa kiziwi huweza kuifanya badala ya Kiswahili, na sisi wapenzi wa Kiswahili tusinune.

Sasa, wanafunzi wanaosikia wengi huingia darasani wakidhani watakariri ishara mia mbili hivi, wapate cheti, basi. Wanashangaa kuambiwa kwamba uso nao ni sarufi, kwamba nyusi zisipoinuka swali laweza kusomeka kama kauli. Vijana wa wafugaji huona ugumu mwingine. Walilelewa kuinamisha macho mbele ya mzee. Ila ukimwinamishia macho mwalimu kiziwi, umemkatiza maneno! Jina la ishara nalo hujipi, unasubiri viziwi wakupe. Tena neno "bubu" huachwa mlangoni, maana linamhesabu mtu hana lugha na kumbe anayo.

Turudi Sericho. Kama lugha hii ilihitaji bweni ili ikue, mtoto kiziwi anayechunga mbuzi peke yake upande wa Ewaso Nyiro anakosa wenzake kuliko anavyokosa kusikia. Ana ishara za maji, mbuzi na fisi, anazoelewana kwazo na mamake. Akitaka kuuliza kwa nini babake hakurudi jana, atauliza kwa ishara gani, na nani atamjibu? Mwanafunzi atakayerudi huko na cheti asijifungie na mtoto huyo pembeni na kitabu cha picha. Awaketishe mama, ndugu na majirani wajifunze pamoja naye, na amtafute mtu mzima kiziwi aje awe mwalimu wao, yeye akiwa mkalimani.