Nywele za Muthoni ndani ya metali

Mimi ni fundi redio wa hapa Tetu, alikozaliwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, mwaka 1920. Juzi mwanagenzi wangu alinivalisha spika za masikioni: "Guka, sikiza hii." Nikadhani waya umeachia. Sauti ilikwaruza kama msumeno kwenye mkaratusi mbichi, ngoma zikikimbia kuliko cherehani. Nilishashika bisibisi kabla hajacheka.

Kumbe ni The Adept, albamu ya 2024 ya Martin Kanja, yaani Lord Spikeheart, aliyekuwa nusu ya Duma, kundi la muziki wa metali la Nairobi ambalo albamu yake ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, bibi wa ukoo wake.

Hapo nikavuta kigoda. Muthoni, Fildi Mashali wa Mau Mau, wale wapigania uhuru! Alitoka msitu wa Nyandarua uhuru ulipofika, 1963, na rasta zake hazikuguswa hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza, akishika mkasi. Alifariki Septemba 2023, kabla albamu haijatoka. Atakayetengeneza filamu kuhusu albamu hii asianzie studio. Aje huku na sweta, arekodi kwanza ule msitu usiku.

"Rudisha mwanzo," nikamwambia kijana.